Kumbukumbu Hulindwa Kabla ya Moto



Siku ya Jumapili, Aprili 18, 2021, moto uliozuka kwenye miteremko ya mlima wa Table Mountain, nchini Afrika Kusini, ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town. Chumba kikuu cha kusomea cha Maktaba ya Jagger, kilichojengwa katika miaka ya 1930, kiliteketea siku hiyo hiyo. Paa liliporomoka, zikabaki kuta.

Humo ndimo yalimowekwa machapisho yapatayo 70,000 ya Taaluma za Afrika. Sehemu kubwa ikawa majivu. Kitabu kinachouzwa madukani huweza kununuliwa tena. Kijarida kilichopigwa chapa nakala chache, kikasomwa na kutupwa na wengine wote, hakinunuliki kwa fedha yoyote.

Hata hivyo, chini ya chumba hicho zilikuwapo ghala za hati. Mitambo ya kutambua moto ilifanya kazi yake, milango ya kuzuia moto ikajifunga, na sehemu kubwa ya hati hizo ikasalimika. Miongoni mwa hazina za chuo zilizonusurika ni madaftari ya Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, waliyoyaandika katika karne ya 19 kutokana na masimulizi ya watu wa jamii ya /Xam. Leo lugha ya /Xam haina msemaji hata mmoja. Sauti ya watu hao imebaki katika karatasi hizo, na katika nakala za picha zilizokwisha kutengenezwa miaka mingi kabla ya moto.

Baada ya moto yakaja maji. Maji ya kuzimia moto yalifurika ghalani, na karatasi iliyolowa huanza kuota kuvu katika muda wa siku mbili hivi. Wakutubi, wanafunzi na raia wa kujitolea walijipanga mstari, wakapokezana makreti mkono kwa mkono. Vilivyolowa vikapelekwa kwenye majokofu ili kuvu lisivile kabla ya kukaushwa.

Ndugu, milango ile ilinunuliwa na kufungwa wakati ambapo hapakuwa na moto. Yumkini siku ile yupo aliyeiona kuwa ni gharama isiyo na faida. Nakala za madaftari nazo zilitengenezwa na watu waliokuwa na kazi nyingine nyingi za kufanya.

Somo hili haliwahusu wakutubi wa vyuo vikuu peke yao. Jalada la mtumishi anayekaribia kustaafu likiliwa na mchwa, mzee huyo atazunguka ofisi hadi ofisi akidai haki isiyo na ushahidi. Rejista ya shule ikilowa chini ya paa linalovuja, mwanafunzi wa zamani hataweza kuthibitisha kwamba alisoma hapo. Hasara ya namna hiyo haitangazwi magazetini, lakini humwumiza mwananchi yule yule.

Basi kila mkuu wa ofisi na kila mwalimu mkuu afungue kabati lake na kujiuliza maswali matatu: Je, ipo orodha ya vilivyomo? Je, ipo nakala, nayo imewekwa jengo jingine? Je, moto ukizuka usiku, nani anajua kipi kiokolewe kwanza? Asiye na majibu asingoje waraka kutoka juu. Aanze kuandika orodha hiyo leo.