Matofali ya Baba

Hotuba ya Kamati ya Malezi na Vijana, iliyosomwa mbele ya wanajumuiya katika sherehe za Uhuru, tarehe 9 Desemba

  

Harufu ya pilau imeshatufikia hata sisi tulio huku mbele, kwa hiyo hatutawachelewesha.

Miaka iliyopita kamati hii ilisimama hapa kuzungumza juu ya karatasi za uhamiaji, bima na ada za vyuo. Leo tunazungumza juu ya mpira. Si ule wa Simba na Yanga. Tunazungumza juu ya huu wa wenyeji wetu, wa mpira uliochongoka kama papai, ambao watoto wetu wanauita futiboli na sisi wazazi tunautazama bila kujua nani kafunga.

Sababu ni hii. Mwezi wa saba mwaka huu familia moja ilituletea shauri, na kwa ruhusa yao tunalieleza bila kutaja majina. Kijana wao wa darasa la tisa alileta nyumbani fomu ya kujiunga na timu ya shule. Mama akakataa kusaini. Alisema hakuvuka bahari ili mwanawe aje kuvunjwa shingo. Baba akasema, asaini, huenda huyu ndiye atakayetutoa. Kijana hakumjibu yeyote. Kwa siku tatu alikula chumbani, peke yake.

Kamati haikuwa na jibu. Tulichofanya ni kukodi gari dogo la abiria, tukawachukua wao na vijana wengine kumi, tukaenda Canton, mwendo wa saa mbili na kitu kutoka hapa Columbus. Huko ndiko liliko Jumba la Mashujaa wa futiboli, ambako kila mchezaji aliyetunukiwa amewekewa sanamu ya shaba ya kichwa chake. Vijana walituongoza moja kwa moja hadi kwenye sanamu ya Jerry Rice.

Kwa wazee ambao hawamjui, Rice alikuwa mpokeaji. Katika timu yupo mrushaji, anayeitwa kotabeki, na wapo wanaokimbia pembeni mwa uwanja ili warushiwe. Kazi ya mpokeaji inaelezeka kwa maneno machache: kimbia mahali mlipokubaliana, geuka, daka, usiangushe, na ukimbie tena huku watu wenye nguvu wanataka kukubwaga. Kazi hiyo Rice aliifanya kwa misimu 20, kuanzia 1985 hadi 2004. Alidaka mipira 1,549, akasogeza mbele yadi 22,895, na jumla ya mara 208 alifikisha mpira mwisho wa uwanja na kufunga, ile wanayoiita tachidauni. Anayemfuata kwa yadi za kupokea, Larry Fitzgerald, alistaafu akiwa na 17,492. Pengo hilo la yadi zaidi ya 5,000 peke yake lingetosha kuwa kazi ya maisha ya mpokeaji mwingine.

Lakini habari iliyotufanya sote tusimame pale, baba, mama na kijana, haikuwa ya yadi. Ilikuwa habari ya matofali.

Jerry Rice alizaliwa mwaka 1962 katika jimbo la Mississippi, akakulia katika kijiji cha Crawford. Baba yake alikuwa fundi mwashi. Wakati wa likizo wanawe walikwenda naye kazini, na jua la Mississippi wenyeji wanalijua. Jerry alisimama juu ya jukwaa la waashi, ndugu zake wakawa wanamrushia matofali kutoka chini, naye anadaka. Tofali si mpira. Ukilikosa linaumiza, na kazi ya baba inasimama. Baadaye, dunia ilipomuuliza mikono ile aliipata wapi, alikuwa akiwarudisha kwenye matofali ya baba.

Tena, sikilizeni hili kina mama. Alipoingia sekondari, mama yake naye alikataa asicheze futiboli. Mwaka wa kwanza hakucheza. Mwaka wa pili alitoroka darasani, mwalimu mkuu akamkuta, na yeye akatimua mbio. Mwalimu mkuu aliona zile mbio, akaenda kumwambia kocha. Ndivyo alivyoingia kwenye timu. Mama aliyekuja nasi Canton aliposikia hayo alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema, "Kumbe hata mama yake Jerry alikuwa mimi."

Vyuo vikubwa havikumgombania. Alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi huko Itta Bena. Katika msimu wa 1984 alifunga tachidauni 27. Hata hivyo waliokuja kumpima mbio kwa saa walisema si mwepesi kiasi cha kutisha. Timu za ligi kuu, NFL, zilipochagua wachezaji wapya mwaka 1985, wapokeaji wawili walichaguliwa kabla yake. Jirani zetu wa Cincinnati walikuwa na nafasi ya 13, wakamchukua mpokeaji mwingine. San Francisco wakamchukua Rice katika nafasi ya 16.

Na alipofika San Francisco aliangusha mipira. Kijana aliyedaka matofali akawa anaangusha mipira ya ngozi, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea. Nani kati yetu hajapita hapo? Fundi hodari wa nyumbani anafika huku, anapewa fagio, na hata fagio anaambiwa hajui kulishika.

Mchezo uliowafumbua watu macho ulikuwa wa Jumatatu usiku dhidi ya Rams wa Los Angeles. Rice alidaka mipira 10 kwa yadi 241. Mkitaka kujua tarehe, ilikuwa 9 Desemba 1985. Siku hiyo nchi yetu ilikuwa inatimiza miaka 24 ya Uhuru, na Mwalimu alikuwa ametoka madarakani mwezi mmoja tu nyuma. Na mjue kwamba usiku ule San Francisco walifungwa, 27 kwa 20. Siku ya kujulikana kwake ilikuwa siku ya kushindwa kwa timu yake.

Yaliyofuata ni jasho. Karibu na San Carlos, California, kuna njia ya kupanda kilima, kama maili mbili na nusu. Miezi ambayo wenzake walikuwa mapumzikoni, Rice alikuwa anapandisha kilima kile mbio. Januari 1989, katika Super Bowl iliyochezwa Miami, alidaka mipira 11 kwa yadi 215, akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Waliofungwa siku hiyo, 20 kwa 16, ni hao hao Cincinnati waliompita kwenye uchaguzi. Alitwaa ubingwa mara tatu akiwa na San Francisco. Mwaka 2002, mwaka aliotimiza miaka 40, akiwa na Oakland, bado alivuka yadi 1,000.

Mpaka hapa baba yule alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, kama anayesema, mnaona? Basi na wewe baba sikiliza upande wako.

Agosti 1997, katika mchezo wa kwanza wa msimu, Rice aliumia goti vibaya. Alifanya haraka kurudi. Desemba mwaka huo huo aliingia uwanjani, akafunga, na katika kuanguka akavunjika pia ya goti lile lile, msimu ukaishia hapo. Na huyo ndiye aliyekuwa na bahati. Wako waliotoka katika mchezo huu wakiwa na ubongo ulioharibiwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, na ligi imelazimika kuwalipa fidia. Hofu ya mama si ushamba.

Tena fanyeni hesabu. Ligi ile ina timu 32, kila timu ina wachezaji 53. Ukiwajumlisha hawafiki 1,700 katika nchi nzima hii. Mtoto kucheza ni jambo jema. Mtoto kubebeshwa nyumba nzima ya watu kwenye mabega ya umri wa miaka 14 ni jambo jingine. Kijana akiingia uwanjani na deni letu mgongoni, kila mpira anaouangusha utakuwa ni rehani yetu imeanguka.

Tunafika kwenye neno lenyewe tulilotaka kulisema leo. Mwaka 2010 Rice aliingizwa katika Jumba lile la Canton, akahutubia. Watu walitegemea asikie fahari, na kweli alishukuru. Lakini alisema pia kwamba injini iliyomsukuma maisha yake yote ilikuwa ni hofu ya kushindwa. Na alisema ana jambo moja tu analolijutia katika kazi yake: hakupata kutulia akaifurahia. Siku zote alikuwa kazini.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia juani kuliko wote waliowahi kucheza nafasi yake, kisha akatuambia kwamba kivulini hakukaa.

Tulipokuwa tunarudi, garini palikuwa kimya. Sisi watu wazima tulikuwa kila mmoja anajihesabu. Shifti ya usiku ghalani, shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee, Jumamosi kuendesha teksi. Tunatuma nyumbani, tunalipa huku, tunajenga kule. Na sababu tunayowapa watoto ni moja: tunafanya kwa ajili yenu.

Lakini kuna tofauti kati yetu na mwashi wa Crawford. Wanawe walimwona akifanya kazi. Waliona mikono yake na kuta zikipanda. Watoto wetu wanatuona tukitoka gizani na tukirudi kulala mchana mapazia yamefungwa. Jasho letu hawalioni, wanaona usingizi wetu. Tusishangae wakidhani kwamba kazi ni kitu kinachomchukua baba, wala si kitu ambacho baba anaweza kuwafundisha.

Ndugu zetu, mama yule alisaini. Aliweka masharti: alama za darasani zisishuke, na kichwa kikigongwa, atolewe uwanjani hapo hapo mpaka daktari aseme. Kijana akacheza nafasi ya mpokeaji. Msimu wao ulikuwa wa michezo kumi, na umekwisha. Juma lililopita tulimwuliza ni michezo mingapi ambayo mtu wa kwao alikuwa amekaa kwenye benchi za watazamaji. Hakulalamika. Alisema, "Mmoja. Mama alikuja mvua inanyesha. Nikadaka mbili." Ile mipira miwili aliieleza kwa dakika nzima. Ile michezo tisa mingine hakuisema.

Tunakumbuka sisi wenye umri kwamba baada ya Uhuru tuliamkiwa kwa maneno mawili: Uhuru na Kazi. Huku ugenini neno la pili tumelishika barabara, hakuna wa kutulaumu. Neno la kwanza ndilo tunalolipigia saluti mara moja kwa mwaka, halafu tunaliweka kabatini pamoja na bendera.

Kamati inaomba jambo moja, na liingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Shule zikianza tena kucheza mwezi Agosti, tuandike orodha ya watoto wote wa jumuiya hii wanaocheza, wawe wa futiboli, kikapu au soka, wa kike na wa kiume, na hata wale wa kwaya na mashindano ya hesabu. Tugawane Ijumaa zetu. Mzazi aliye kazini, mwenzake akakae badala yake, apige vigelegele hata kama hajui nani kafunga. Na mzazi aliyeweza siku moja amchukue mwanawe, pale panaporuhusiwa, akaone mikono yake inafanya nini.

Watoto wetu, nanyi tunawaambia hivi. Kuangusha mpira si mwisho. Rice aliangusha. Dakeni masomo kama matofali, maana hayo yakianguka yanaumiza. Na mkidaka, chekeni.

Kijana wetu yupo hapa leo, anagawa soda. Baba yake ametuambia ameomba ruhusa ya Ijumaa ya kwanza ya msimu ujao, na amekubaliwa.

Heri ya Uhuru. Karibuni chakula.