Roboti ya kufagia na vizingiti vyangu

Mwezi uliopita daktari alimkataza mama watoto kuinama. Ni mgongo. Kijana wetu mkubwa akaja na shauri: baba, nunua roboti ya kufagia. Nikaenda dukani mjini kuitazama.

Yapendeza. Ni duara kama sahani kubwa, yatambaa hadi uvunguni mwa kitanda, na chaji ikikaribia kwisha hurudi yenyewe kwenye umeme. Wala si mchezo wa jana. Marekani Roomba ilianza kuuzwa 2002. Lakini bei yake ni ada ya muhula mzima ya binti yetu. Nikamwambia muuzaji nitarudi.

Nyumbani Tabata nikachukua rula. Roboti nyingi huweza kupanda kizingiti cha sentimita 2 hivi. Vyangu vina 4, na fundi aliyevijenga alijisifu sana siku ile. Sebuleni kuna mkeka wenye nyuzi pembeni, zitakazojisokota kwenye brashi. Tena mchanga wa uani huingia na ndala kutwa, na kisanduku cha vumbi cha roboti ni kidogo, hujaa upesi. Sasa mimi nikiwa kazini, nani ataiinua kutoka chumba hadi chumba? Ni yule yule aliyekatazwa kuinama!

Nyumba ingekuwa haina vizingiti, ningejikaza nikanunua. Kwangu, hapana. Nimenunua fagio la mpini mrefu. Jumamosi nilifagia mwenyewe, mama watoto ameketi kitini akinionyesha nilikoruka.