Askari, Mgonjwa na Mlango wa Hospitali

(Yafuatayo ni mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya askari polisi na mgonjwa wa akili. Naomba ruhusa yenu nianzie mbali, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Huko ndiko lilikoanzia jaribio ambalo polisi wa miji mingi wameliiga, na huko huko ndiko tunakoweza kuona mahali lilipokwama.

Tarehe 24 Septemba, 1987, polisi wa Memphis waliitwa kwa ajili ya kijana mmoja Mweusi, mgonjwa wa akili, aliyekuwa ameshika kisu akijikata mwilini. Askari walimwamuru atupe kisu. Hakutupa, alizidi kutaharuki, akawaendea, wakampiga risasi, akafa. Kwa mafunzo waliyokuwa nayo, askari wale walifanya walichofundishwa, yaani kwamba mtu anayekuja na silaha ni mshambulizi. Hawakuwa wamefundishwa kwamba mtu aweza kuwa na kisu mkononi na bado akawa mgonjwa aliyeitiwa msaada.

Wananchi wa Memphis, hasa Weusi, walikasirika, na hasira hiyo ilizaa kazi. Mwaka 1988 polisi, wataalamu wa vyuo vikuu na chama cha jamaa za wagonjwa wa akili walikaa pamoja na kuunda kikosi cha askari wa kushughulikia matukio ya namna hii. Waliokiongoza ni afisa wa polisi Sam Cochran na mwanasaikolojia Randolph Dupont. Askari wa kikosi hicho walipewa mafunzo ya saa 40, nao waliendelea na doria zao za kila siku. Simu ya mgonjwa ikipigwa, wao ndio waliotumwa. Jambo moja napenda mlizingatie: walikuwa ni watu waliojitolea na kuchujwa. Waanzilishi waliamini kwamba si kila askari anaifaa kazi hii. Naona walikuwa na haki. Hata ninyi walimu mnajua kwamba si kila mwalimu apewe darasa la kwanza.

Wanafundishwa nini hasa? Kwa kifupi, wanafundishwa kupunguza mwendo. Askari wa kawaida hufunzwa kufika kwa haraka, kupaza sauti, kuamuru, na kukaribia ili amkamate mtu. Mbele ya mtu anayesikia sauti zisizokuwapo, amri ya askari ni sauti moja zaidi, na pengine ndiyo inayothibitisha kwamba anawindwa. Kwa hiyo anasema askari mmoja tu, wengine wananyamaza. Anabaki mbali kidogo, anataja jina lake, anamwuliza mgonjwa jina lake. Habishani naye juu ya anachokiona wala hajifanyi kukiona. King'ora kinazimwa na watazamaji wanaondolewa. Kisha anangoja, hata ikichukua saa nzima. Aidha, katika mafunzo hayo wagonjwa wenyewe na jamaa zao huja kueleza yaliyowapata mikononi mwa polisi. Nadhani somo hilo lina thamani kuliko mengine yote.

Lakini yote hayo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo waigaji wengi wameiacha njiani, ni mlango wa hospitali. Huko Memphis ilikubaliwa kwamba hospitali moja ya umma itampokea kila mgonjwa aliyeletwa na polisi bila kumrudisha, na askari arejee kwenye doria yake mapema. Pasipo makubaliano hayo, askari aliyefundwa vizuri hubaki na mgonjwa aliyetulia na asiyejua ampeleke wapi, isipokuwa mahabusu.

Jambo hili nimeliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika stendi ya mabasi ya mji mmoja wa mkoani, nilimwona askari mtu mzima akimtuliza kijana aliyekuwa anavurumisha mawe. Hakuwa amehudhuria kozi yoyote. Alivua kofia, akakaa kwenye jiwe, akamwita "mwanangu", akazungumza naye mpaka jua likazama. Tukafuatana hadi hospitali. Mlinzi getini alidai barua. Ndani wakasema daktari anayehusika hayupo, turudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kijana yule akalala kituoni siku tatu, pamoja na wezi, wala hapana mtu aliyeweza kuniambia kosa lake.

Tusiitukuze Memphis kupita kiasi. Mfano wake umeenea katika zaidi ya miji na wilaya 2,000, na tafiti zinaonyesha kwamba askari waliofunzwa huwaelewa wagonjwa vizuri zaidi na kuwapeleka kwenye tiba. Ila kwamba mafunzo peke yake hupunguza matumizi ya nguvu, ushahidi wake ni hafifu. Zaidi ya hayo, mwezi Desemba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa taarifa kwamba polisi wa Memphis hao hao walikuwa wakiwatendea wagonjwa wa akili kwa ubaguzi na ukatili. Mei 2025 serikali mpya iliyaondoa matokeo ya uchunguzi huo, lakini kuondoa taarifa hakuondoi yaliyotendeka. Kozi ya saa 40 haiwezi kushinda desturi ya kikosi kizima ikiwa wakubwa wake wanaicheka.

Sasa nirudi nyumbani. Kwetu, anayeitwa kwanza mara nyingi si polisi. Ni jirani, ni mwenyekiti wa mtaa, ni mgambo mwenye kamba. Kwa hiyo tukisema mafunzo, hapana budi tuwataje hao pia, na mganga wa zahanati. Iko pia sheria. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Kijana wa Memphis mwenye kisu angalikuwa mtuhumiwa kabla ya kuwa mgonjwa. Kifungu cha namna hiyo hiyo kule Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2025 kwamba kinapingana na Katiba. Askari hawezi kuambiwa leo "mhurumie" na kesho "mfungulie mashtaka".

Nanyi walimu, mnasikia watoto wakitukanana kwa jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyotibu watu wetu tangu zama za ukoloni. Askari wa kesho yumo humo darasani, anacheka pamoja na wenzake.

Kwa ndugu watumishi ninalo ombi moja. Kila mmoja akirudi wilayani kwake aulize hospitali ya wilaya: polisi wakimleta mgonjwa wa akili saa nane za usiku, nani anayefungua geti, na analazwa kitanda gani? Jibu lisipopatikana, liandikwe hivyo hivyo katika muhtasari wa kikao, pamoja na tarehe.