Ami yangu, fundi chokaa

(Mazungumzo kwenye baraza letu la vijana. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa hivyo mkikuta maneno ya mdomoni, ndivyo yalivyokuwa.)



Katibu aliponipigia simu aliniambia nije nizungumze juu ya vijana na ajira. Nikakubali, halafu nikakaa siku mbili sina la kusema ambalo nyinyi hamjalisikia. Ahadi mnazijua. Na wengi mliopo hapa hiyo ajira mnaitafuta wenyewe, sasa mimi nije niwafundishe nini? Kwa hivyo leo nitamzungumzia mtu mmoja tu. Ami yangu. Alifanya kazi zaidi ya miaka arubaini katika mji huu, na kwenye karatasi hakuwahi kuajiriwa hata siku moja. Familia imeniomba nisimtaje jina. Baadhi yenu mtamjua tu, basi mkimjua nyamazeni.

Ami alizaliwa shamba, Kusini. Akaja mjini kijana mbichi baada ya Mapinduzi, akakaa Kwahani kwa dada yake. Hakuwa na skuli ya maana, alisoma chuoni na darasa chache. Akapata mzee mmoja fundi akamshika mkono, akawa anamchukulia maji na kumchekechea mchanga. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye chokaa, na hakutoka tena.

Sasa vijana wa leo tukisikia chokaa tunafikiri ni ule unga wa kupaka ukuta Ramadhani inapokaribia. Hapana. Chokaa ya kujengea ni kazi. Unachukua mawe ya matumbawe, unayapanga juu ya magogo ya minazi, unayachoma. Yakishapoa unayamwagia maji, yanachemka yenyewe bila moto na kuvunjika vunjika. Halafu unaiacha shimoni ive. Ami alikuwa akisema fundi mwenye haraka akauze maji ya baridi. Na sakafu za juu za majumba yale zilikuwa hazimwagwi zikaachwa, zikipigwa kwa vijiti, watu wamejipanga, huku wanaimba, mpaka zishike.

Majumba ya Mji Mkongwe yamesimama kwa vitu hivyo: matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Boriti ndizo zinazoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba. Mkoko haukui kwa kufuata matakwa ya tajiri. Na ukuta ule unapumua. Ukija wewe na saruji yako ukaupiga lipu ya kisasa, unyevu unabaki ndani, boriti zinaoza kimya kimya, na nje watu wanasifu ukuta mweupe. Ami alipita mbele ya nyumba iliyopigwa saruji kama mtu anavyopita mbele ya mgonjwa asiyejijua.

Kuna miaka kazi hiyo ilikufa kabisa. Majumba yalibadilisha wenyewe, waliokaa ndani hawakuwa na uwezo wa kuyatengeneza, mengine yakaanguka. Ami akawa anapakia mizigo, anachimba makaro, anauza muhogo, chochote. Miaka ya 1990, lile jengo la zamani la dispensari pale Malindi lilipotengenezwa upya, watu wakaanza tena kuwatafuta mafundi wa chokaa. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hoteli zikafunguliwa, wageni wakaja kupiga picha milango. Kuta zile nani alizishika zisianguke? Watu kama ami, kwa ujira wa jioni kwa jioni. Ukiumwa leo, leo hukula.

Aliwahi kuanguka kutoka kwenye jukwaa la miti, akavunjika mguu. Mkandarasi, simtaji, alimpa nauli ya teksi na posho ya siku mbili. Ndiyo fidia hiyo. Akakaa nyumbani miezi, shangazi akawa anakaanga mandazi alfajiri na watoto wanayatembeza. Aliporudi kazini alikuwa anachechemea, na mkandarasi yule yule akampokea kwa furaha, kwa sababu hakuna mwengine aliyeweza kunyoosha ukuta kama yeye. Nilimuuliza siku moja, ami, hukukasirika? Akaniambia, "Nimkasirikie nani, na jina langu hana pahala alipoliandika?"

Neno hilo lilinikaa. Maana sheria tunazo, tusiseme hatuna. ZSSF ipo tangu 1998. Mwaka 2005 ikaja Sheria ya Ajira, namba 11, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, namba 8. Lakini kibarua anayeokotwa asubuhi barazani na kulipwa mkononi magharibi, hana mkataba, hana risiti, mkandarasi hamjui ila kwa jina la utani. Huyo akidai, ataanzia wapi? Atakwenda kwa nani athibitishe kwamba ule ukuta ni yeye aliyeujenga?

Nitasema na jengine, na mwenye kununa anune. Aprili 2016 Serikali ilianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimia miaka 70, awe aliwahi kuchangia au hakuchangia. Lile lilikuwa jambo jema. Sisi ni upinzani, hatukuapa kulikataa jema kwa sababu hatukulifanya sisi. Pesa zenyewe zilikuwa kidogo, hazimfikishi mtu popote. Lakini ami siku ya kwanza aliporudi na bofulo zake mkononi na peremende za wajukuu, alikuwa anacheka peke yake. Akaniambia: umri wangu wote, leo ndiyo mara ya kwanza kutia saini nikapokea pesa.

Sasa nije kwenye siku niliyokusudia. Ijumaa, tarehe 25 Disemba 2020. Beit el Ajaib.

Mnalijua jumba lile. Sultan Barghash alilijenga 1883, Waingereza wakaupiga mizinga mji pale mwaka 1896 na bado likasimama. Lilikuwa limefungwa kwa miaka kwa sababu ya ubovu, na wakati ule lilikuwa kwenye matengenezo. Siku ile sehemu kubwa ya mbele ikaanguka, pamoja na mnara wa saa. Simu zetu zote zikajaa picha. Dunia nzima ikaandika: urithi umepotea, historia imeporomoka. Mimi mwenyewe nilirusha picha ya mnara na maneno ya huzuni, sioni haya kukiri.

Nikaenda kumwambia ami. Alikuwa amekaa barazani, kifua kinambana tayari, redio pembeni. Nikamwambia saa imeanguka, ami, mnara wote chini. Akaniangalia.

"Ndani walikuwemo nani?"

Nikasema sijui. Akasema, "Ilikuwa siku ya kazi?" Nikasema walikuwepo mafundi. Akainuka, na alikuwa hainuki kwa urahisi tena, akaomba apelekwe Forodhani. Hatukumpeleka, kulikuwa na zahama. Akabaki na redio yake mpaka usiku. Watu wawili walifariki kwenye kifusi, wengine wakaokolewa. Wawili. Walitoka majumbani mwao asubuhi kwenda kazini kama ami alivyokuwa akitoka. Sisemi zaidi juu yao kwa sababu wana watu wao, na msiba ni wa wenyewe. Ninachowauliza ni hichi: katika nyinyi mliopo hapa, nani hajui jumba lilijengwa mwaka gani? Na nani anaweza kunitajia hayo majina mawili? Mmenyamaza. Na mimi ningenyamaza.

Ami alifariki mwaka 2022, nyumbani, baada ya sala ya alfajiri. Kifua. Daktari hakuandika vumbi la chokaa, na mimi si daktari. Tulipeleka tangazo redioni. Mnajua tangazo la kifo linavyokwenda: fulani anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake, kilichotokea leo huko Kwahani, maziko saa saba mchana, habari ziwafikie fulani wa Makunduchi, fulani wa Chake Chake, na jamaa na marafiki popote walipo. Lilisomwa mara moja. Mji mzima ulilisikia jina lake kwa muda wa kumeza tonge. Hakuna mahali palipotajwa kazi yake, na sisi wenyewe tulioliandika hatukukumbuka kuitia. Miaka arubaini ya kazi, mtu kaisahau familia yake mwenyewe! Alikwenda Mwanakwerekwe mabegani mwa watu, na nusu ya waliompokezana lile jeneza mikono yao ilikuwa na makovu ya chokaa. Wale hawakuhitaji kuambiwa kazi yake.

Baada ya khitma shangazi akanitolea daftari la skuli, lile lenye jedwali la hesabati nyuma. Ami alikuwa akiandika. Kila nyumba aliyoitengeneza: mtaa, mlango wake ulivyo, mwaka, alifanya nini. "Shangani, mlango wa misumari, ukuta wa kiwanja, chokaa ya miezi mitatu." "Kiponda, ngazi." Na chini ya kila kazi kaandika "niliokuwa nao", halafu majina. Mafundi, vibarua, wachekecha mchanga, na aliyefariki kawekewa alama ya mwezi mdogo. Kuna majina mle ambayo nina hakika hayapo kwenye maandishi mengine yoyote duniani.

Wazee wetu hawakuwa hivyo siku zote, yaani kukaa kimya. Mwaka 1948, Agosti, wafanyakazi wa bandari hapa Unguja waligoma kwa sababu mshahara haukutosha kula, akina Abbas Othman wakiongoza, na Septemba mgomo ukaenea mji mzima. Mkoloni akalazimika kuongeza mshahara. Walikuwa wachukuzi na makuli, watu wa kuitwa "wee njoo". Lakini walijuana, waliweza kuhesabiana nani yumo na nani hayumo. Sisi leo, kwenye tawi hili hili, hatujui vijana wetu wangapi wamo kwenye majengo ya Fumba na kwenye hoteli za Nungwi na Paje, wanamfanyia kazi nani, na wakianguka nani apigiwe simu.

Nimekuja na daftari jipya, nimelinunua Darajani jana. Lipo mezani kwa katibu. Kila anayefanya kibarua, au ana kaka, baba au mjomba anayefanya, aandike jina, pahala anapofanya kazi, mkandarasi, na namba ya simu ya nyumbani. Halitapigwa picha wala kurushwa mtandaoni. Ukurasa wa kwanza nimeshauandika mimi: jina la ami, na mbele yake, fundi chokaa.

Kalamu zipo mbili. Adhana ya alasiri bado dakika ishirini.