Kula kwa kutazama: sahani ya mtoto, chumvi ya baba

Maneno tuliyotoa kwa mkutano wa mwezi wa wanachama, Bukavu

Leo hatukuja na fomu, wala hatutaandikisha mtu. Tumekuja tuongee juu ya chakula.

Tuanze na msiba. Munajua papa wa chama hiki tuliyemzika juzi. Jina lake hatutalitaja. Alikuwa na tansio. Alipewa dawa, akameza mpaka akasikia nafuu, kisha akaacha. Asubuhi moja upande wa mwili ukakataa kusimama, na baada ya siku chache akatuacha. Mfuko wetu ulilipa sanduku, ukalipa na gari. Ulifanya vema. Lakini tukitoka kaburini tuliulizana sisi tunaozunguka mitaani: mfuko umeshalipa masanduku mangapi? Na umeshalipa vipimo vya tansio vingapi? Hili la pili tulikuwa na jibu lake: hata kimoja.

Tuseme pia kosa letu. Mara ya kwanza tulipofundisha juu ya lishe, tulibeba picha zilizochorwa mbali: tufaha, jibini, maziwa katika gilasi. Mama mmoja wa Kadutu akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii chakula munatuonyesha, banaiuzisha kwa soko gani?" Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini tulirudi na haya. Picha tukaziweka kando, tukamwomba yule mama atupokee kwake tuone wanakulaka namna gani.

Yeye anauza maharage na mayai sokoni. Jioni ile kulikuwa bugali ya muhogo, sombe, na sambaza kidogo, vyote kwenye sinia moja, na watoto watano wameizunguka. Baba alikuwa ameshawekewa fungu lake. Kabla mdogo wa miaka mitatu hajamaliza tonge la kwanza, sambaza ilikuwa imekwisha. Tulipima mkono wake kwa utepe: rangi ya njano. Njano ni kati ya sentimita 11.5 na 12.5. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo mtoto anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Samaki alikuwa ameingia nyumbani, ila hakumfikia mtoto.

Wengi wenu mulipitia Nyarugusu, kule Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Kule PAM ilipima unga, maharage au mbaazi, mafuta na chumvi. Hesabu ya posho kamili ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, na munakumbuka miezi ambayo haikufika. Mulituambia wenyewe kwamba mulizoea kula kilichoko, haraka, kabla hakijaisha. Mulivuka ziwa Tanganyika mukarudi, wengine mukapanda mpaka huku Bukavu, na mazoea yale yakapanda nanyi. Hatuwalaumu. Njaa ni mwalimu mkali, na masomo yake hayasahauliki upesi.

Katika nchi za matajiri watu wanafundishwa kula polepole, kwa makini, wengi wao juu wanakula kupita kiasi. Kwetu makini yana kazi nyingine pia: kutazama nani anakula nini. Ndiyo tunaita kula kwa kutazama. Haihitaji pesa nyingi. Inaomba mambo sita.

Kwanza, mtoto mdogo apate sahani yake mwenyewe, na sambaza yake iwekwe mbele ya wote. Ale na mifupa yake, maana ndiyo inajenga mifupa ya mtoto. Sambaza ni mgeni hapa kama wengi wetu: ilitolewa ziwa Tanganyika ikatiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo inalisha mji huu.

Pili, muhogo mchungu uloweke siku tatu au zaidi, kisha uanikwe jua vizuri. Kule Burhinyi, teritwari ya Mwenga, madaktari walikuta konzo, ugonjwa unaokaza miguu na haurudi nyuma. Unaletwa na muhogo usiolowekwa vya kutosha, kwa watu wasiopata samaki wala maharage ya kuusindikiza. Vita vinaharakisha kila kitu, hata muhogo. Hapo tusikubali haraka.

Tatu, mawese yasichomwe mpaka yawe meupe. Ule wekundu ndio vitamini A, ni macho ya watoto.

Nne, maharage yakamuliwe limau, au yaliwe na nyanya. Hapo mwili unachukua madini ya chuma vizuri zaidi, na damu inaongezeka. Chai ingoje kwanza, isinywewe pamoja na chakula, maana inazuia kazi hiyo.

Tano, chumvi. OMS inasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo munahesabu ile iliyofichama ndani ya kube za mchuzi na samaki wa chumvi. Tununue yenye iyodi. Watu wa Idjwi wanajua rovu ni kitu gani. Lakini iwe kidogo.

Sita, kwa sisi wakubwa: tule polepole. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuambia kichwa kwamba limeshiba. Anayemaliza kwa dakika tano ameshapita mpaka bila kujua.

Na tusidanganyane: chakula hakichukui nafasi ya dawa. Papa wetu alihitaji vyote viwili, chumvi kidogo na kidonge cha kila siku, hata siku anazosikia yuko mzima. Tansio haiumi. Ndiyo sababu lazima ipimwe.

Tulipoyasema haya kwa kikundi kimoja, baba mmoja alisimama na hasira: "Mama akimupatia mutoto samaki mbele yangu, heshima yangu iko wapi?" Tulikosa la kumjibu. Koko mmoja ndiye aliyemjibu, hata hakusimama: "Mutoto akikufa, ile heshima utaikula na nini?" Baba alikaa. Wiki iliyofuata mke wake alituonyesha sahani mpya ya plastiki, na baba ndiye aliyeinunua.

Mtoto wa Kadutu, baada ya miezi miwili, utepe ulifika kijani. Nyumba ya jirani, mtoto aliyekuwa kijani alirudi njano baada ya surua. Hatukuja kujisifu. Kazi hii inapandishwa na kushuka, na inataka mtu wa kuitazama kila mwezi.

Kwa hiyo tunaomba mujadili jambo moja leo. Mfuko ununue mashine moja ya kupima tansio. Kila mkutano, kabla ya ajenda, kila aliyepita miaka 40 apimwe, na namba yake iandikwe kwenye daftari lake. Wamama wawili wafundishwe kutumia utepe wa watoto. Atakayekutwa na namba mbaya, mfuko umsaidie kufika kituo cha afya angali anatembea.

Na wafadhili wetu watakaosoma maneno haya: safari hii hatuombi unga. Tunaomba mashine ya pili kwa ajili ya wanachama wa mbali, na mbegu za lengalenga, soja na maharage.

Sanduku tutaendelea kulilipa, maana hakuna atakayezikwa kama hana watu. Ila tungependa mfuko umjue mwanachama mapema kuliko siku ile.

Sasa tusikie ninyi.