Rangi ya Moshi wa Lori

Moshi wa eksozi huonyesha mapema ugonjwa wa injini ya dizeli. Kwa malori yanayopanda milima ya Ngara kwenda Rusumo na Kabanga, wasikilizaji, rangi ya moshi ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mweusi, hewa. Bluu, oili. Mweupe usioisha, maji.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi na hewa haitoshi. Mara nyingi chujio la hewa limejaa vumbi, na vumbi la kiangazi huku Kanazi, wilayani Ngara, si haba. Chujio litolewe, lielekezwe kwenye jua. Mwanga usipopenya, libadilishwe. Wengi hukimbilia kufungua nozeli, wakapoteza fedha bure. Chujio kwanza! Likiwa safi na moshi ukaendelea, ndipo fundi apime nozeli na kukagua mabomba ya tabo.

Moshi wa bluu: injini inakula oili. Ringi za pistoni zimelika, au tabo inavujisha. Oili ipimwe kila asubuhi, lori likiwa mahali tambarare.

Moshi mweupe asubuhi ya baridi si tatizo, ukiisha injini ikipata moto. Usipoisha, na maji ya rejeta yakapungua bila kuvuja nje, huenda gasketi ya silinda hedi imekatika. Injini izimwe, safari isiendelee. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji huruka na kuunguza uso.

Fundi aelezwe rangi ya moshi, na kama hutoka lori likipanda mlima au likiwa limesimama.