Marudio Nyuma ya Karasha

Msikilizaji wa Geita na Shinyanga, leo tuzungumzie yale marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa kutafuta dhahabu, yaliyorundikwa nyuma ya karasha. Rwamagasa, wilayani Geita, ilichaguliwa na Mradi wa Kimataifa wa Zebaki wa Umoja wa Mataifa kuwa moja ya maeneo yake mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zebaki inayobaki kwenye marudio haiozi, na risasi iliyotoka mwambani haiozi pia. Mvua ikinyesha, tope la marudio hayo huteremka hadi shambani.

Nyasi za vetiva husaidia sana. Mizizi yake huweza kuteremka mita 2 hadi 3. Hushika udongo usisombwe, na metali nyingi hubaki mizizini badala ya kupanda majanini. Zipandwe kwa mistari inayokinga mteremko, miche ikaribiane kiasi cha kiganja. Eneo lifungwe kama ngitili, ng'ombe wasiingie.

Chokaa ya kilimo hupunguza tindikali, na hapo mimea hupata shida kufyonza risasi na kadimiamu. Samadi iliyooza vizuri nayo huzishika. Ila aseniki ina tabia yake: chokaa ikizidi, huilegeza. Kwa hiyo udongo upelekwe maabara kwanza. Na tafadhali sana, samadi isimwagwe kwenye madimbwi ya kuoshea dhahabu, kwani humo bakteria hugeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayoingia kwenye samaki.

Metali haijaondoka, imefungwa tu. Mchicha na matembele visipandwe hapo, hata kama vinastawi.